Udi, kayamba, bango au kijana na gitaa: umwite nani apige ofisini kwako Mombasa?

Mzee wa udi alifika ofisini kwetu Mbaraki saa kumi na robo, alasiri imeshaswaliwa. Akaweka ala yake juu ya meza ya mhasibu, akaketi, akatega sikio kidogo. Kisha akanyoosha kidole kwenye kiyoyozi ukutani.

"Mwanangu, zima hicho kwanza, tusikizane."

Nikakizima. Akajaribu uzi mmoja, akaukaza, akaulegeza, halafu akauliza kama tuna kipande cha ule ukanda wa plastiki wa kufungia katoni. Kazi yetu ni kutoa mizigo bandarini, kwa hivyo kanda hizo tunazo tele. Nikamkatia. Akakipunguza kwa wembe, akakisugua ncha kwenye sakafu ya saruji mpaka ikalainika, na hicho ndicho alichopigia udi jioni ile. Tulikuwa watu 22. Wengine waliketi juu ya meza, wengine juu ya maboksi ya karatasi, wengine chini mkekani, na aliyekuwa karibu zaidi angeweza kunyoosha mkono akaugusa udi wenyewe. Mzee alipoinamia uzi mzito tuliisikia pumzi yake. Nimekulia kwenye harusi za Mji wa Kale, taarabu naijua tangu utotoni, lakini namna ile sikuwa nimewahi kuisikia.

Tangu siku hiyo nimeandaa vikao kadhaa vya aina hii, kwetu na kwa ofisi za marafiki, na swali ninaloulizwa ni moja: tumwite nani? Nalijibu hapa kwa urefu, kwa sababu nimeona wapigaji wazuri kabisa wakiharibikiwa na jioni yao kwa kuitwa chumba kisichowafaa, na inauma.

Wengi wanaouliza wameshaona Tiny Desk, zile video za redio ya NPR ya Marekani ambamo wanamuziki hubanana nyuma ya dawati lililozungukwa na rafu za vitabu na vikorokoro. Zilianza mwaka 2008. Bob Boilen na mwenzake Stephen Thompson, wote wa NPR, walikuwa kwenye tamasha la SXSW mjini Austin wakijaribu kumsikiliza mwimbaji mpole, Laura Gibson, na makelele ya watu yakamfunika. Wakamwambia kwa mzaha aje awaimbie ofisini. Wiki chache baadaye akaja kweli, Washington, akaimba penye dawati la Boilen. Mpaka leo mwimbaji anayeingia pale hana spika ya kumpaza mbele ya waliohudhuria. Anayepiga ngoma ndiye anayejipunguza ili mwenzake asikike. Watu wakiiga Tiny Desk hununua taa na kamera, wakasahau jambo hilo moja lililoifanya iwe ilivyo.

Mimi hilo ndilo kipimo changu. Nikimfikiria mpigaji yeyote najiuliza: huyu, bila spika, mbele ya watu 20 au 30, ndani ya chumba cha marumaru na vioo, atasikika? Na atapendeza?

Taarabu ya watu watatu

Kama ndiyo mara yenu ya kwanza, anzeni na udi, fidla na dumbaki, ile ngoma ndogo ya mkononi, basi. Udi una nyuzi 11 kwa kawaida, jozi tano na mmoja mzito peke yake, na sauti yake inakaribiana na sauti ya mtu anayezungumza. Haugombani na chumba. Mwimbaji haimbi kwa kupaza, na maneno yanafika yote. Kwa taarabu hilo ni jambo kubwa, maana asiyesikia maneno amesikia nusu tu ya wimbo.

Hapa Mombasa, hata hivyo, ukisema taarabu ueleze ni taarabu ipi. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyefariki mwaka 2016, alipiga udi kwa maqam za Kiarabu, yaani ngazi zao za sauti, akiimba tungo za Kiswahili cha ndani. Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, aliyachukua mahadhi ya Kihindi akayatilia maneno ya Kiswahili, na nyingi ya tungo hizo zilitoka kwa binamu yake, Ustadh Ahmad Nassir. Wanaofuata njia ya Bhalo huja na kinanda, tabla, na mara nyingine tashkota, kile kinanda cha nyuzi na vibonyezo chenye asili ya Japani. Njia zote mbili nazipenda. Lakini kinanda na tashkota vinataka umeme na spika, na spika ikishawashwa kila mmoja hujiongeza mpaka mnajikuta mmo harusini. Kwa chumba cha ofisi nawaita wa njia ya kwanza. Wa njia ya pili wape ukumbi au baraza pana, watawafurahisha sana.

Kanuni, ile ala bapa ya nyuzi inayopigwa ikiwa imelazwa, ni tamu kupita kiasi, lakini ina nyuzi zaidi ya 70. Ukitoka kwenye joto la barabarani ukaingia chumba kilichopozwa na kiyoyozi, zote hizo zinasogea. Mpigaji mmoja alikaa kwetu dakika 40 akizitengeneza huku watu wakichungulia saa. Ukiitaka kanuni, chumba kizimwe baridi saa moja kabla, na mpigaji aingie mapema, peke yake, na chupa ya kahawa.

Sasa niseme jambo ambalo hakuna aliyeniambia kabla halijatokea. Taarabu ni lugha ya mafumbo, na ofisi ni mahali penye mambo yake. Katika ofisi moja ya jamaa zangu kulikuwa na manung'uniko ya marupurupu yaliyoahidiwa yasilipwe. Mwimbaji hakujua lolote. Akaimba wimbo wa mapenzi, wa mtu aliyepewa ahadi akangoja mpaka akachoka. Ubeti wa pili haujaisha, karani mmoja akainuka na noti ya shilingi 100, akapita polepole mbele ya kiti cha meneja, akamtuza mwimbaji, akarudi kwa njia ileile. Akafuata mwingine. Wakafuata sita. Hakuna aliyesema neno, na hakuna aliyekosa kuelewa. Meneja aliondoka kabla ya wimbo wa tatu, na mwaka ule hakukuwa na kikao kingine pale.

Kutuza ni sehemu ya taarabu, na kumwambia mtu asituze ni kama kumwambia asiitikie. Kwa hivyo sikatazi. Ninachofanya ni kukaa na mwimbaji wiki moja kabla, tunasoma maneno ya nyimbo tatu au nne alizochagua, namweleza hali ya ofisi bila kutaja majina. Waimbaji wanaelewa haraka, hiyo ndiyo kazi yao. Na sinia la tuzo naliweka mlangoni, mbali na viti vya wakubwa.

Nyimbo tatu zinatosha. Wimbo mmoja wa taarabu unaweza kuchukua dakika nane, kumi, na ukikatwa unakufa.

Kayamba na chivoti

Hawa ndio wanaoniletea ubishi na marafiki. Wengi wakisikia ngoma za Kimijikenda hufikiria vikundi vya hotelini, vile vinavyopokea wageni langoni kwa dakika tano watu wapige picha. Ni dharau isiyostahili. Keti karibu na kayamba moja tu, umbali wa hatua mbili, utasikia kitu ambacho hoteli haijawahi kukuonyesha. Kayamba ni matete yaliyofumwa yakawa bapa kama sinia, ndani mna mbegu kavu. Mpigaji hulishika kwa mikono miwili, akalipeleka huku na huku, na vidole gumba vinagonga juu yake mapigo madogo madogo ambayo ukiwa mbali huyasikii kabisa. Ukiwa mbali ni mchakacho mmoja. Ukiwa karibu ni mazungumzo: mbegu zinasema lao, vidole vinajibu. Ongeza chivoti, filimbi ya Wadigo inayopigwa kwa kulazwa, na sauti mbili za akina mama wanaopokezana, mnayo jioni kamili.

Tatizo ni kwamba kikundi kikija kizima hakiingii ofisini. Seti ya ngoma za sengenya, mchezo wa Wadigo, pamoja na nzumari, ala ya kupuliza yenye sauti kali, ni muziki wa uwanjani. Nzumari imetengenezwa isikike kijiji cha pili, na chumbani itawaumiza masikio. Niliwahi kukubali watu 11 waje kwa sababu niliona haya kuwapunguza. Tulitoa meza zote nje na bado vioo vilikuwa vikitetemeka. Siku hizi nasema wazi tangu simu ya kwanza: makayamba mawili, chivoti, ngoma moja ndogo, waimbaji wawili. Malipo sipunguzi kwa kuwa nimepunguza watu, maana sita hao watafanya kazi ya kundi zima.

Kama mna ua, au nafasi ya kuegesha magari yenye kivuli, basi geuzeni yote niliyosema. Waiteni wote, na nzumari yao. Hapo taarabu ya watu watatu itapotelea hewani, na kayamba itashinda.

Kuna suala la adabu pia. Kayamba si ala ya furaha tu. Kwa Wamijikenda hutumika vilevile katika tiba ya pepo, na zipo nyimbo za kazi hiyo. Kikundi kinachojiheshimu hakiimbi nyimbo hizo ofisini, lakini uliza, na uulize kwa heshima. Wapo wafanyakazi, Waislamu na Wakristo, watakaoondoka wakihisi wameletewa jambo la ibada bila kuambiwa. Nikishauliza, mzee wa kikundi hunieleza kila wimbo ni wa nini, wa mavuno, wa harusi, wa kubembeleza mtoto, na hayo maelezo nimejifunza kuyafanya sehemu ya kikao. Watu wanapenda kuambiwa.

Na wanaotoka Kwale waanze safari mapema. Kivuko cha Likoni hakina ahadi. Wakija na gari watakaa foleni, kwa hivyo mimi huwaomba wavuke kwa miguu na ala zao mikononi, nami nawapokea upande wa kisiwani.

Bango

Mzee Joseph Ngala, mpuliza saksafoni anayetajwa kama baba wa bango, aliutengeneza muziki ambao Pwani yote inautambua kwa pigo la kwanza: gitaa linalobembea, saksafoni inayolia, mwendo wa polepole wa watu wazima. Harusini, matangani, kwenye sherehe za kuzaliwa, bango ndiyo inayowainua mama zetu vitini.

Ofisini, sikushauri. Naandika hivi kwa masikitiko, kwani ndio muziki wa baba yangu. Saksafoni ikipulizwa karibu hufikia desibeli 100 kwa urahisi, ilhali watu wakizungumza kwa kawaida ni kama 60. Mpulizaji hodari anaweza kupunguza, ila bango iliyopunguzwa inapoteza kile kilio chake. Halafu bendi ni besi, ngoma, magitaa mawili, vyote vya umeme, na umeme ukikatika, kama unavyokatika, mmebaki mnatazamana.

Lipo jambo moja nililolijaribu likanifurahisha: gitaa kavu moja na mwimbaji mmoja wa bango, bila saksafoni, wakikumbuka nyimbo za zamani na kueleza zilitungiwa nani. Waliohudhuria walikuwa wengi wao na zaidi ya miaka 45, na waliimba kila neno. Kama ofisi yenu ni ya watu wa rika hilo, hilo litawagusa kuliko udi. Ofisi ya vijana haitaelewa wanalia nini.

Vijana

Mombasa imejaa waimbaji vijana, na wengi wao hawajawahi kuimba bila midundo ya kompyuta nyuma yao. Hapo ndipo unapoweza kufanya jambo la maana kweli. T-Pain, aliyejulikana dunia nzima kwa sauti iliyopitishwa kwenye Auto-Tune, programu ya kunyoosha sauti, aliingia Tiny Desk mwaka 2014 akaimba na mpiga kinanda mmoja tu, na watu wakatambua kwamba kumbe jamaa ana sauti. Nimeona hilo kwa udogo wake hapa kwetu. Binti mmoja wa Kisauni alikuja na flashi yenye midundo yake. Nikamwomba aiache mfukoni, nikampa mpiga gitaa, wakafanya mazoezi mara mbili kwenye ngazi za jengo letu ambako sauti inarudi vizuri. Wimbo wake wa kwanza alitetemeka. Wa pili alifumba macho. Alipomaliza wa tatu, mlinzi wa langoni, mtu mzima asiyependa "makelele ya watoto" kwa maneno yake mwenyewe, alimwuliza, "Mwanangu, huo wimbo umeutunga wewe?" Akajibu kwamba ndiyo, baba. Akamwomba aurudie.

Lakini kijana asiyekubali kuacha midundo yake, usimlazimishe na usimwite. Akiimba juu ya rekodi chumbani, mbele ya watu walio umbali wa mita mbili, ataonekana kama anayefanya mazoezi, na atavunjika moyo bure. Na msimwite "aje ajitangaze". Alipwe. Udi analipwa, kayamba wanalipwa, kijana naye ametumia nauli na sauti yake.

Kwa gharama kijana na gitaa ndio nafuu, halafu taarabu ya watu watatu. Kayamba hupanda kwa sababu ya safari, na bendi ya bango ni ghali kuliko wote pamoja na vyombo vyake.

Chumba na msimu

Piga kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia mlio unaorudi kama wa kopo tupu, tandika mikeka, fungua makabati ya mafaili yaachwe wazi, shusha mapazia, na uwakalishe watu kuizunguka sehemu ya wapigaji badala ya kuwapanga safu kama darasani. Miili ya watu na karatasi hunyonya sauti vizuri.

Kiyoyozi lazima kizimwe, pangaboi pia, na hilo ndilo linaloamua mwezi. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, watu 30 katika chumba kilichofungwa watayeyuka, na ukifungua madirisha tuktuk zote za barabarani zimeingia. Mimi huandaa wakati wa kusi, Juni hadi Agosti, upepo mzuri. Saa ni baada ya alasiri, ili mmalize kabla ya magharibi kwa nafasi ya kutosha ya watu kutia udhu na wengine kukimbilia matatu. Muda wa chakula cha mchana ni mfupi mno, na Ijumaa sigusi.

Kurekodi

Kama mnataka video ya kubaki ofisini, simu moja iliyotulia juu ya rafu inatosha. Ikiwa mtaiweka mtandaoni, mambo yanabadilika, na hapa uchaguzi wa mpigaji una uzito. Sheria ya Kenya inaulinda utunzi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kijana aliyetunga mwenyewe anakupa ruhusa kwa karatasi moja. Taarabu inaweza kuwa na mshairi mmoja, mtunzi wa mahadhi mwingine, na mwimbaji wa tatu, na wakati mwingine wawili kati yao wameshafariki na haki ziko kwa watoto wao. Nyimbo zilizofuata mahadhi ya filamu za Kihindi zina ugumu zaidi: maneno ni ya kwetu, sauti ina mwenyewe Bombay. Kwa nyimbo za asili za kayamba omba idhini ya kikundi, andika jina la kikundi na mahali walipotoka, na wapewe nakala. Niliwahi kuona video ya ofisi fulani iliyowaandika wapigaji "kikundi cha ngoma" tu. Mzee wao alinionyesha kwenye simu ya mjukuu wake, akaniuliza kwa nini majina ya wafanyakazi yote yameandikwa na lao halimo. Sikuwa na jibu la kumpa.

Kwa hiyo, ofisi ya vyumba vidogo na watu wa rika mchanganyiko: udi, fidla, dumbaki. Ofisi yenye ua: kayamba na kundi zima. Watu wazima wanaokumbuka: gitaa kavu na nyimbo za bango. Ofisi yenye subira na mapenzi kwa wanaoanza: kijana mmoja, gitaa moja, mazoezi mawili. Na msiwachanganye wote jioni moja kwa kutaka kumridhisha kila mtu. Kila kundi lina namna yake ya kuanza polepole, na dakika kumi kumi hazimtoshi yeyote.

Sisi mwaka huu tumeshaamua: Julai udi, Agosti kayamba uani. Wa udi nilimpigia simu mapema, kabla ya Ramadhani, kwa sababu ikishaingia Mfunguo Mosi harusi zinaanza, na mzee hapatikani tena mpaka zipungue. Amekubali. Ameniuliza kama ule ukanda wa katoni bado tunao.